Tuta Lisilo na Jina Letu

Kilbury, Herefordshire
Jumatatu, baada ya Jumapili ya Matawi, 1958

Kaka yangu Lionel,

Natumaini mguu umepata nafuu na wifi Muriel hajambo. Mimi mzima, ila usingizi umenihama tangu Mama atutoke Januari.

Kijijini wangali wananichokoza. Juzi muuza nyama alinipokea kwa kelele: "Haya, Samaki wa herufi nyingi, leo umechoka kula wenzio?" Nikamwambia mbele ya wateja kwamba jina letu, Fysshe, ndivyo neno samaki lilivyoandikwa Uingereza wakati mababu zake hawajui kushika kalamu. Unanijua. Nimeligombania jina hili magazetini kama vile Baba alivyoirudishia posta kila barua iliyoandikwa Fish.

Jana, kama desturi ya kijiji kila Jumapili ya Matawi, tuliosha makaburi na kuyapamba maua. Nilisugua mawe yote ya ukoo, nikamaliza na la Mama, kisha nikaenda kumwaga maji machafu kule kwenye ukuta wa makaburi, upande wa kaskazini, penye miiba. Nikakuta tuta dogo lisilo na jiwe. Lilikuwa limepaliliwa. Juu yake palikuwa na maua ya manjano, mabichi, yamefungwa kwa uzi wa sufu, mafundo mawili na kitanzi. Mama alifunga hivyo kila kitu, hata mifuko ya vitunguu.

Nilimwendea jirani yetu, Bi Gwatkin. "Mimi? Kwa mgongo huu?" akasema. "Nikiinama pale, mwanangu, mnizike papo hapo. Ni mama yako aliyekuwa akija kila mwaka, nyie mkishakwenda kunywa chai." Nikambana. Akasema pale amelala dada yetu Enid, aliyezaliwa kabla ya ndoa, akaishi wiki moja. Ni damu ya Baba, kaka, wala si ya mwingine. Baba aliona haya, akakataza jina la ukoo lisichongwe kwa ajili yake. Mama akanyamaza hadi kufa.

Mtu aliyefokea posta kwa sababu ya herufi mbili alimnyima mwanawe zote sita! Nami nikamsaidia kulilinda jina hilo.

Nimeuliza nyumba hadi nyumba ni nani aliyeweka maua ya mwaka huu. Hakuna aliyeweka, wala anayejua kufunga fundo la Mama.

Sasa nikuambie ukweli: sikungoja ruhusa yako kama mkuu wa ukoo. Asubuhi hii nimemwagiza mchonga mawe aandike Enid Fysshe. Ukitaka kupinga, njoo upinge pale ukutani, ukiwa peke yako.

Wabusu watoto. Mpe wifi salamu zangu nyingi.

Ni mimi dada yako, na mdogo wake Enid,
Winifred Fysshe