Kuzamia Siku Nne

Kishanda,
Muleba, Kagera.
24 Novemba 2024

Mpendwa dada Klaudia,

Pokea salamu nyingi kutoka Kishanda, salamu zenye matope kidogo, maana mvua haijatupa nafasi tangu mwezi uanze. Hujambo? Mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kuinua wagonjwa wodini umepona? Na joto la Mtwara, limeshaanza kuwatoa jasho au bado linawaonea huruma? Sisi huku tu wazima. Nyonga ya mama mkubwa wako haijambo kiasi chake. Anatembea na mkongojo mpaka jikoni na kurudi, na mpaka mahali popote nilipo.

Utashangaa kupata karatasi badala ya kupigiwa simu. Simu katika nyumba hii ina masikio manne sasa, yangu mawili na ya Mama mawili. Barua anakuletea Mwalimu Mwijage, jirani yetu, aliyehamishiwa shule ya huko kwenu. Amekubebea pia kopo la senene, nimewakaanga mwenyewe. Usigawe wodi nzima.

Kwanza mambo ya safari, kwa sababu najua ndiyo unayoyatafuta kwa macho. Nimezungumza na Hafidhi, yule mwalimu aliyetufundisha kupiga mbizi kule Mafia. Anatukumbuka. Anakukumbuka wewe zaidi, uliyekuwa unamwonyesha dole gumba juu ukimaanisha mambo safi, naye anakupandisha, kwa kuwa chini ya maji dole gumba juu maana yake nataka kutoka. Mara tatu, Klaudia! Cheti chako ulipewa kwa huruma.

Anasema watu waliopiga mbizi tano tu maisha yao yote, na ya mwisho ikiwa miaka mitano iliyopita, hawezi kuwatosa baharini hivi hivi. Ijumaa tarehe 17 Januari mimi naruka kutoka Bukoba asubuhi, tunakutana Dar, jioni tuko Mafia. Jumamosi asubuhi tunarudia masomo kwenye maji ya kifuani: kuvua miwani na kuivaa tena, kubana pua na kufungua masikio. Mchana mbizi moja. Jumapili mbizi ya pili, mapema, tuwe tumetoka majini kabla ya saa nne, kwa sababu mtu akishapiga mbizi haruhusiwi kupanda ndege mpaka siku nzima ipite. Jumatatu mchana tunaondoka. Kina kisizidi mita kumi na mbili, na tusimwache Hafidhi hata kidogo. Kwa hiyo siku nne zote hizo ni mbizi mbili tu, na mimi mpaka juzi zilinitosha kabisa.

Nimeshaanza mazoezi. Nalijaza maji beseni la kufulia, naingiza uso, nahesabu. Mama alinikuta hivyo wiki iliyopita, akauliza kama nimeangusha hereni.

Sasa jambo lenyewe. Siku chache baada ya simu yetu ile ya mwisho, kitambulisho changu cha taifa kilipotea, na bila hicho sipandi ndege. Nilipekua kabati, mkoba wa kanisani, gunia la maharage, mpaka chini ya mkeka. Mama alikaa kwenye kiti chake akinitazama ninavyohangaika, wala hakuniuliza natafuta nini. Hapo nikajua kiko wapi, yaani nikajua nani anacho.

Unajua kwamba tukiongea kwenye simu tunatumia Kiswahili ili asitufuatilie. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha kanisani, tukienda mbio anabaki njiani. Basi siku ile nilikuambia kwa furaha, siku nne tu, dada, tunakwenda kuzamia Mafia. Sijui ni shetani gani aliyenikalia ulimini. Ningesema kupiga mbizi, kama anavyosema Hafidhi! Mama alikuwa nyuma ya mlango anamenya ndizi, na katika Kiswahili chote neno hilo moja analijua kuliko mimi.

Mwaka 2003 ulikuwa shuleni Mwanza, pengine hukuyasikia yote. Kaka Rwegasira aliaga kwamba anakwenda Dar kutafuta kazi na atarudi baada ya siku nne. Ndiyo, siku nne, kama nilivyosema mimi. Miezi mitatu baadaye ikaja barua ya rafiki yake wa bandarini, mistari miwili tu: msimtafute, Rwegasira amezamia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na mimi ndiye niliyemsomea Mama. Akaniuliza kuzamia ni nini. Nikamwambia kwa Kihaya kwamba kaka amejificha ndani ya meli, amekwenda Ulaya. Tangu siku hiyo anamsubiri mtu aliyeko Ulaya. Sahani yake ya bati bado iko kabatini na hakuna mgeni anayepakuliwa ndani yake.

Kwa hiyo aliposikia neno lile pamoja na zile siku nne, akajua nami natoroka. Akamwita mjomba Ndyamukama. Tukakalishwa kikao, akamwani ikapitishwa, tukatafuna kahawa kwa uso wa msiba. Nikaeleza kwa Kihaya, pole pole: mtu anafunga mtungi wa hewa mgongoni, anashuka majini, anatazama samaki, anapanda juu. Mjomba akauliza kama samaki wamekwisha soko la Muleba. Akauliza tena kwa nini mtu abebe hewa mgongoni wakati huku imejaa bure. Nilicheka, kisha nikajuta, maana Mama hakucheka. Katika mkoa huu, ambako tangu meli ile ya abiria izame mwaka 1996 karibu kila ukoo una mtu wake ziwani, mimi nimekaa mbele ya wazee najitetea kwamba nashuka majini kwa hiari yangu.

Nikuambie ukweli, dada, nimechoka. Huu ni mwaka wa nne tangu nifunge steshenari yangu pale Rwamishenye nije kumtunza. Nampenda Mama, na nikiusikia mkongojo unakuja roho inanibana. Pande zote za nyumba ni migomba, na kuna siku naona kama inasogea karibu. Jina langu linaitwa mara arobaini kutwa: Annastella maji, Annastella dawa, Annastella nani huyo anapita. Kule Mafia, mle chini, nilisikia pumzi yangu tu. Hakuna aliyeweza kuniita. Wewe ulipenda samaki, lakini mimi nilichokipenda ni hicho, na nilikuwa nakitaka tena, dakika arobaini mara mbili.

Baada ya kikao zilipita siku mbili. Juzi tukiwa tunachambua maharage akaniuliza, kwa hiyo kuzamia ni kwenda chini ya maji? Nikajibu ndiyo, Mama, huku nikifurahi kwamba hatimaye ameelewa. Akaendelea kuchambua. Kisha akasema:

"Omwana wange, mbona mimi ulinisomea kwamba Rwegasira yuko Ulaya?"

Klaudia! Nilimwambia neno ni moja, maana ni mbili. Niliapa. Nilileta hata kamusi yangu ya shule, nikamfungulia ukurasa, mtu asiyejua kusoma! Aliutazama ukurasa, akanitazama mimi. Miaka ishirini na moja alikuwa na mtoto Ulaya, na kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa tamaa ya siku nne, nimemtia baharini.

Jana asubuhi nilikuta kitambulisho juu ya beseni, kimefutwa vizuri kwa kitambaa. Kumbe alikuwa amekishona ndani ya mto wake. Mke wa Buberwa wa nyumba ya pili atakuja kukaa naye siku zote nne, wamekubaliana wenyewe bila mimi. Ruhusa nimepewa. Nilipokwenda kumshukuru alinishika mkono, akasema:

"Nenda ukaangalie. Usipomkuta huko chini, nitajua ulinisomea vizuri."

Basi nakuja, dada. Mwambie Hafidhi tunakuja. Nilitaka mahali ambapo hakuna wa kuniita, na sasa hata huko nimeshatumwa. Najua sitamkuta. Najua pia kwamba nikirudi nitaulizwa nilitazama wapi na wapi, na nitatakiwa kujibu nikiwa nimemkazia macho. Bahari yote ile, na sisi wanagenzi tumeruhusiwa mita kumi na mbili.

Msalimie sana shemeji Avit, na Privatus wetu mdogo, mwambie mama yake mdogo wa migombani anamtafutia zawadi. Mjomba Ndyamukama anakusalimu na anauliza kama na Mtwara hewa mnabeba mgongoni. Mke wa Buberwa anakusalimu. Mungu akutunze hapo ulipo, na siku ile atutunze sote wawili hadi tutoke majini.

Mama naye anakusalimu. Amekaa hapa pembeni na ameniamuru niandike haya kabla sijafunga bahasha: tukishashuka, mimi niangalie upande mmoja na wewe uangalie upande wa pili.

Wako akupendaye, angali nchi kavu,
mdogo wako,
Annastella