Kisigino Juu ya Mgongo wa Mtawa

Kijijini, 12 Agosti 1988

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali yako na joto la Bangkok, nataka kukuambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Naogopa kugusa watu. Shuleni tukiambiwa tushikane mikono kwa ajili ya mchezo, husingizia tumbo. Wewe ni mkandaji, Bibi ni mkandaji, lakini mimi ngozi ya mtu mwingine hunitia hofu kama waya wa umeme. Nimeanza na hilo ili uielewe shida yangu.

Babu ameanguka. Usishtuke, hakuvunjika. Aliteleza kwenye ngazi za hekalu akiwa na ndoo ya maji, mgongo ukakaza. Muuguzi wa zahanati amempima, akasema mifupa ni mizima, misuli ndiyo imejifunga, akandwe. Mkandaji anayesifiwa wilaya nzima ni Bibi, lakini tangu Babu avae joho la utawa mwezi uliopita haruhusiwi kuguswa na mwanamke, hata mke aliyeishi naye miaka yote hiyo.

Bibi alikuja akakaa mlangoni mwa ukumbi wa hekalu, akamtazama alivyolala kama gogo. "Mtukufu," akasema, maana sasa ndivyo anavyopaswa kumwita, "jikoni kwangu ulikuwa unateleza kila masika na nakunyoosha. Umesubiri uwe mtawa ndipo uteleze vizuri." Babu akacheka, kisha akashika kiuno.

Mkuu wa hekalu amesema kwa upole kwamba Babu asipoweza kusimama mwenyewe, itabidi avue joho arudi nyumbani kuuguzwa. Babu hataki kusikia. Aliapa kubaki mtawa mpaka mvua ziishe, na thawabu yote imwendee Baba. Mtoto wake huyo alikufa ghafla bila yeye kumfanyia lolote, kwa hiyo hili analing'ang'ania.

Bibi amenichagua mimi niwe mikono yake. Nimjibu nini?

Mwanao,
Thirawat


Bangkok, 20 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila miguu inavimba jioni. Unakula? Bibi yako anakula?

Siku ya kwanza mama mkwe aliponipa mguu wa jirani niukande, nilifumba macho. Akanigonga bega: "Unakanda au unasali?" Basi hofu hiyo naijua. Baba yako naye hakupenda kushikwashikwa, na niliolewa naye hivyohivyo.

Fanya hivi. Unganisha viganja, uwakumbuke walimu waliotutangulia, umwombe Babu radhi. Osha mikono kwa maji ya moto, kwa sababu mkono wa baridi humfanya mtu ajikaze. Usianze kubonyeza. Weka kiganja tu, ukae hapo mpaka mnapumua pamoja. Bonyeza anapotoa pumzi, achia anapovuta. Usiguse uti wa mgongo wenyewe, pita kando yake. Ukikuta mahali pana uvimbe na moto, acha kabisa, umwambie Bibi.

Umwambie Bibi kwamba nimekubali kwa niaba yako.

Mama yako


Kijijini, 1 Septemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Miguu imepungua kuvimba? Bibi anasema uiweke juu ya mto ukilala. Sisi tunakula vizuri.

Nimeanza. Siku ya kwanza nilitetemeka mpaka Babu akauliza kama kuna tetemeko la ardhi. Sasa ninaweza. Kila nikitoka shule nakwenda ukumbini. Bibi anakaa nyuma ya nguzo akitugeuzia mgongo, kwa sababu anasema si adabu kumkodolea macho mtawa aliye wazi mabega, na ananiongoza kwa sauti. "Vidole vinne chini ya mbavu. Hapo pana kamba? Iviringishe." Kisha naweka furushi la dawa la moto, lenye manjano na mchaichai na majani ya ndimu. Kwa hiyo darasani nanukia kama mchuzi. Prasoet wa dawati langu ananiita Daktari wa Migongo. Jana alisema, "Daktari, nikande kichwa, hesabu zimeganda."

Lakini Babu haponi, Mama. Nikimuuliza, husema "vizuri, vizuri", halafu namwona anavyojikokota kwenda chooni akishika ukuta. Mkuu wa hekalu amempa mpaka mwezi mpevu ujao.

Na sababu naijua. Bibi akisema, "Sasa kisigino, kando ya kiuno," mimi nabonyeza kwa kidole gumba. Haoni, yuko nyuma ya nguzo. Siwezi, Mama. Mbele ya mtawa hata nyayo zetu tunazificha tukikaa. Nitamkanyagaje?

Mwanao,
Thirawat


Bangkok, 9 Septemba

Mwanangu,

Nimesoma barua yako kati ya mteja na mteja, kwa hiyo salamu zitanisamehe.

Mwambie Bibi leo. Si kesho. Misuli ile ya kiuno imelala chini sana, na kidole gumba chako chembamba hakifiki. Bibi anadhani dawa imeshindwa, kumbe haijatumika. Ruhusa ya mguu si yako kuikataa wala si yangu kuitoa. Waulize wenyewe, Mkuu wa hekalu na Babu.

Na hiyo "vizuri" ya Babu usiiamini. Alisema vizuri hata siku niliyounguza samaki wote wa harusi.

Mama yako


Bangkok, 1 Oktoba

Mwanangu,

Mwezi mpevu umepita na sijapata hata mstari mmoja. Redioni wanasema huko maji yamejaa. Mko salama? Kama Babu amevua joho, niambie tu, sitamlaumu mtu, na wewe usijilaumu. Nimeomba ruhusa kazini. Nisiposikia neno, nitapanda basi.

Mama yako


Kijijini, 7 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima. Daraja lilisombwa, na posta imefunguliwa jana tu. Barua zako mbili zimefika pamoja.

Kwa hiyo sikungoja ushauri wako. Siku chache baada ya kukuandikia nilimwona Babu akijaribu kusujudu na kushindwa kuinuka, nikatoka nje nikamwambia Bibi kila kitu. "Siku zote hizi," akasema, "nimekuwa nafundisha nguzo." Kisha akanishika sikio tukaenda kwa Mkuu wa hekalu.

Mkuu wa hekalu alisikiliza akijikuna goti. "Mguu wa kutibu hauna dharau," akasema. "Lakini mgongo si wangu. Muulizeni mwenyewe."

Babu akaniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza. "Nilikubeba mabegani mpaka unaanza shule. Ulinikojolea shingoni mara ngapi? Leo ndipo unaona haya kunikanyaga?"

Watawa wakafunga mwanzi kwenye boriti ili nishikilie. Nikaosha miguu, nikasujudu, nikaomba radhi. Nikaweka kisigino pale Bibi alipotaja, mikono ikibeba karibu uzito wangu wote.

"Usiumwage," Bibi akasema kutoka nyuma ya nguzo. "Mpe kidogo kidogo, kama unaingia mto usiojua kina chake."

Nikampa. Babu akatoa pumzi ndefu, halafu akasema, "Aa. Hapo panauma."

Hajawahi kusema hivyo maishani. Nilisikia Bibi anacheka, kisha anapenga kamasi.

Tangu siku hiyo aliendelea vizuri, na hii ni "vizuri" ya kweli. Kwanza alikaa bila kuegemea, kisha akasimama. Siku ya mwezi mpevu alisujudu akainuka mwenyewe mbele ya wote, na Mkuu wa hekalu akampa bakuli lake la kupokelea chakula. Leo alfajiri amepita kijijini na wenzake, pekupeku kwenye matope, polepole, bila fimbo. Alipofika kwetu Bibi alikuwa amepiga magoti na wali wa kunata. Akauweka ndani ya bakuli bila kugusa ukingo. Babu akatuombea baraka, akalitaja jina la Baba, akaendelea na njia.

Bibi akautazama mgongo wake mpaka kona.

"Bega la kushoto bado," akasema. Akaingia ndani, akalala mpaka jua likawa juu, jambo ambalo sijapata kuliona.

Mimi nilikunja mkeka, nikala wali uliobaki na pilipili, nikavaa sare, nikaenda shule.

Mwanao,
Thirawat