Kadi ya Pampu Namba Mbili

4 Machi

Baba, shikamoo,

Habari za nyumbani, na hayo macho? Mimi mzima, ila mikono inanuka grisi hata nikioga mara tatu. Mama wa duka la vifungo mpe asante kwa kukusomea barua. Mwambie asiruke mistari.

Uliuliza fundi wa mitambo anafanya nini kwenye manowari wakati hakuna vita. Tunapigana na kutu, Baba. Kila mtambo una kadi yake: wiki fulani fungua, safisha, tia mafuta, kisha weka sahihi. Ni kama ulivyonilea, kila Jumamosi kabla ya chai cherehani inapewa mafuta, iwe imeshona au haikushona. Kipuri kikikosekana tunajaza fomu kwenda bohari ya nchi kavu. Fomu yangu ya kuomba mpira wa pampu imerudishwa mara tatu: mara muhuri haukukolea, mara wino si wenyewe.

Likizo yangu imekubaliwa, 20 Aprili. Nitakushika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Na ile blauzi ya kijani uliyonishonea nilipoondoka naivaa kila siku ya mapumziko. Wote wanaisifia.

Mwanao

13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto wa jicho amekua, karibu atahitaji sare ya shule. Daktari kanipangia 22 Aprili. Nimemwambia bila binti yangu hapasuliwi mtu. Watu wanacheka, eti fundi cherehani aliyeshika mkasi maisha yake yote anaogopa wembe. Wacheke. Naogopa.

Siku hizi nashona kwa kupapasa tu, na wateja hawalalamiki. Wanalipa, wanashukuru, wanaondoka.

Mama wa vifungo anasema mistari haruki, anapumzika tu.

Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo,

Natumai hujambo. Mimi sina raha.

Jana nilikuwa napanga kadi za miezi mitatu, nikakuta ya pampu namba mbili, ile ya kuzimia moto. Ilitakiwa ifunguliwe Januari. Sikuifungua, kwa sababu mpira mpya haukuwa umefika, na ukiifungua bila mpira haifungiki tena. Lakini kwenye kadi nimeandika "imefanyika", na sahihi ni yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka kadi zangu zionekane safi.

Pampu inavuta maji vizuri tu. Nikinyamaza, baada ya siku kumi na nane niko nyumbani. Nikisema, itafunguliwa, meli haitatoka, na mimi sipati likizo mpaka ifanye kazi. Tarehe 22 utakuwa peke yako. Nifanyeje?

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Uliwahi kuniambia humo mnalala watu mia na arobaini. Kila mmoja ana mtu wake anayesubiri barua kama mimi. Mficha uchi hazai. Nenda kwa mkuu wako leo, kabla hujanywa chai. Upasuaji nitakwenda mwenyewe.

Baba yako

Mimi mama wa vifungo, ninayemwandikia, naongeza la kwangu. Aliposema hilo la mwisho alijifuta uso kwa kitambaa cha mteja. Kanikataza nisiandike.

19 Mei

Baba, shikamoo,

Barua yako ilinikuta asubuhi, chai nikaiacha mezani. Mkuu wa mitambo alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, nani mwingine anajua. Nikasema baba yangu, na ndiye aliyenituma. Akavuta kadi, akaitazama. "Basi una baba," akasema.

Pampu ilifunguliwa siku ileile. Mpira ulikuwa umepasuka na chuma cha ndani kimelika. Moto wa kweli ungewaka, ingevuta maji dakika chache kisha ikafa. Fomu ikaenda tena, safari hii na jina la mkuu, na bohari ileile ikaleta kila kitu kwa wiki tatu. Kupandishwa cheo kwangu kumeahirishwa mwaka mmoja. Sinung'uniki. Jana tumeijaribu, nimeshika bomba mwenyewe, na wenzangu wakanipongeza kama niliyejifungua. Asante, Baba. Sasa nalala.

Lakini tarehe 22 nilikuwa nimekaa sakafuni na vipande vya pampu mapajani, na tangu siku ile sijapata barua. Mama wa vifungo, kama ni wewe unayesoma, niandikie hata mstari mmoja. Niko tayari kusikia lolote.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na usishangae mistari kupanda mlima. Mwandiko ni wangu, wa kwanza kwa miaka mitatu. Daktari alinikataza kuinama mwezi mzima, na mama wa vifungo nikamkataza kuniandikia, nilitaka habari uipate kwa mkono wangu. Nisamehe kwa kukutia hofu. Yeye ndiye aliyenipeleka mpaka mlangoni. Mshukuru, maana nilimfinya mkono mpaka kucha zikaacha alama.

Kwanza nilisoma barua zako zote. Kisha nikatazama kazi zangu, nikakaa chini. Suruali zinaning'inia dukani, mguu huu mrefu, huu mfupi. Nikapita kwa wateja. Wengine walizifumua kimyakimya wakashonewa kwingine, wengine wanavaa hivyo hivyo. Miaka yote hiyo walinilipa na kunishukuru ili nisijione sifai. Sijui niwashukuru vipi. Nimebandika tangazo mlangoni: nilichoshona nikiwa sioni kirudi, nitakirekebisha bure. Zimesharudi nguo kumi na moja. Wewe ulikwenda kwa mkuu wako, mimi ningejificha wapi?

Sasa, ile blauzi ya kijani. Nimeitazama kwenye picha yako iliyo ukutani. Kola imepinda mpaka sikioni. Eti wote wanaisifia! Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na hilo pia nakushukuru. Ukipata likizo, njoo nayo. Nimeitengenezea kadi, kama zenu.

Kazi: kufumua kola na kuishona upya. Kipuri: uzi wa kijani, upo. Fundi: Baba.

Sahihi sijaweka. Nitaweka ukishaivaa.

Baba yako