Vumbi Shavuni mwa Mama

Somoe mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Newala mikorosho imechanua, na kifua cha babu yako kimetulia kidogo.

Unauliza kwa nini nang'ang'ania rangi za mafuta, wakati akriliki, rangi ya kuchanganya na maji, inakauka kabla chai haijapoa. Ujanani nilimchora mama yangu kwa mafuta. Alipoona rangi bado mbichi, akaianika picha uani, kando ya makopa ya muhogo. Upepo ukaleta vumbi jekundu, likaganda shavuni.

"Nilitaka ikauke upesi, mwanangu," akasema.

Tukacheka. Nikamwambia nitalikwangua rangi ikikauka.

Mama alitutoka ghafla. Rangi ilipokauka, tulikuwa tumeshamsomea arobaini. Nilishika kisu, nikakirudisha.

Katika kazi zote za mikono yake, nimebakiwa na vumbi lile. Ingekuwa akriliki, lisingeshika.

Bibi yako