Shabani, Uache Ule Mlango wa Meli

Shabani mwanangu,

We mtoto una adabu gani? Tangu tukuzike hujanitembelea hata ndotoni, kumbe bandarini unaenda kila siku. Nimesikia yote. Mi sikusoma, unajua. Zuhura binti yako ndiye anaandika. Analia, namwambia futa machozi uandike.

Ile meli yako imeshaingia majini. Unakumbuka wakubwa wa askari wa ziwani walivyohangaika kutafuta meli za kupanda mpaka kwenye mchanga, zifungue mdomo zitapike askari na gari lao mahali pasipo bandari? Waliomba ng'ambo, wakaambiwa ngojeni, kwenu kuna vita. Wakachukua lile boti kuukuu la kubeba saruji, wakakuita ulikate pua, uliwekee mlango wa chuma. Ulikuwa ukirudi hapa mtaani Kinama unanuka moto, unanigongea mlango wa jikoni ko-ko, unanyamaza, ko, vile ulivyogonga chuma kusikiliza kama kiungo kimeshika. Nakufokea, "Mi ni bati?" Unacheka. "Apana Mama, nasikiliza tu kama uko mzima."

Halafu bomu likakukuta njiani, mlango uko nusu.

Wakamchukua mdogo wako Rajabu aumalize. Hitima yako ilikuwa haijasomwa. Nyundo yako nilikuwa sijaiosha wala kumtaja wa kuirithi, vile tulivyoifanyia ya baba yako alipokufa. Askari wakasema kazi haingoji, wakaibeba hivyo hivyo, na jasho lako kwenye mpini.

Sasa mlango haukai. Wanaufunga kwa minyororo, ziwa limetulia kama uji uliopoa, tumboni mwa meli hamna mtu, na kunagongwa. Ko-ko. Kimya. Ko. Minyororo inalegea, mlango unashuka polepole, maji yanaingia. Askari wanakimbia. Rajabu hakimbii. Jana alikaa mbele ya sahani ya samaki wa ndagala bila kula, akaniambia, "Mama, nilimjibu." Nikampiga mwiko. Mtu hamjibu maiti, hata akiwa ndugu yake! Tangu hapo vidole vyake ni baridi, hata juu ya makaa.

Kesho kutwa meli inaondoka na askari, na Rajabu wamemweka palepale mlangoni, eti ndiye anayeujua. Hajui kuogelea. We ndiye ulikuwa unamshika kiuno mkioga ziwani.

Basi sikiliza. Leo nimemlazimisha aniletee nyundo. Nimeiosha, nimeisomea Fatiha, nimesema kwa sauti: hii si ya Shabani tena, ni ya Rajabu. Mpini ulikuwa na joto, mwanangu. Nimeushika mpaka ukapoa.

Najua kazi iliyobaki inakuuma. Imekwisha. Uliifanya vizuri. Zuhura nitamlea, nakuahidi, mpaka achoke na mdomo wangu kama we ulivyochoka.

Lala sasa, baba. Na ukija tena, usipite bandarini. Gonga kwangu jikoni, nitafungua.

Uje peke yako.