Mraba na Michi Miwili

Ijumaa, 1 mwezi wa nane 2025

Mada imetoka! «Zamu kwa zamu.» Nimecheka peke yangu sebuleni hadi Mama akauliza kama nina malaria. Siku kumi za kutengeneza mchezo mdogo wa simu, vijana wa nchi nzima tunashindana, na wametupa mada ambayo mimi naisikia tangu nizaliwe — nyuma ya nyumba yetu, kwenye kinu! Wanawake wawili, kinu kimoja, sombe, majani ya muhogo, ndani. Mmoja anashusha mchi, mwingine anainua.

Nimempigia Jonathan hapo hapo. Jonathan Mukendi, mwenzangu wa timu, yuko kwao Beni, mtaa wa Ruwenzori, kwa likizo. Baba yake ni mwanajeshi kutoka Kasai. Sisi tulikutana chuoni hapa Butembo. Yeye anachora na kutuma kazi, mimi naandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta, na kushughulikia sauti. Nimemweleza: skrini nyeupe, mraba mweusi mdomoni mwa kinu. Mchi wa kushoto unashuka, mchi wa kulia unashuka. Unagusa skrini katikati, mraba unaruka. Ukikosea, umetwangwa. Basi! Hakuna rangi, hakuna maelezo. Akaniita ndugu kwa Kilingala: «Kaswera, ndeko, iyi njo ya kushinda.»

Najua.

Watakaoshinda wataitwa Kinshasa miezi mitatu, kujifunza na watu wanaotengeneza michezo kama kazi. Naandika hapa bila aibu: naitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote mwaka huu.

Jumamosi, 2 mwezi wa nane

Mraba unaruka! Kodi imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Nafikiri mimi ni mtu hatari.

Imebaki sauti. Mama alikuwa anatwanga sombe — peke yake, kama kila siku tangu Pentekoste, maana yeye na Mama Hulda wa jirani hawasalimiani tena. Zamani kila Jumamosi Mama Hulda alikuja na mchi wake, wakatwanga pamoja huku wakisengenya mtaa mzima. Kilichowagombanisha sikijui. Mambo ya wamama.

Nimerekodi mchi wa Mama. Nimeukopi, nimeusogeza mbele kidogo, nimeuweka upande wa kulia. Michi miwili! Nani anahitaji jirani?

Jumatatu, 4 mwezi wa nane

Siyo nzuri. Jonathan amejaribu, dada yake Myriam amejaribu, wote wanatwangwa baada ya miruko michache. Jonathan anasema mara michi inaangukiana, mara hakuna kitu kabisa. Amenyoosha mapigo yote kwa kompyuta, yakawa sawasawa kama saa ya ukutani. Sasa kila mtu anaweza kucheza na kila mtu anachoka. Myriam aliacha akaenda kufua nguo! Kufua, kwa hiari yake!

Nimesikiliza tena na tena. Mama akitwanga peke yake anasimama apendavyo — kusukuma majani, kufuta jasho. Yule wa pili wa kwangu, wa kukopi, hajui. Anaendelea tu, kama mlevi.

Jumanne, 5 mwezi wa nane

Nimeamua kuwa mchi wa pili mwenyewe. Tuliazima mchi, nikakunja mikono, Mama akatabasamu tabasamu ambalo silipendi. Pigo la tatu — paa! Michi imegongana. Nimeona nyota. Tukaanza upya. Paa! Majani yameruka hadi kwenye kuku. Mama alicheka akakaa chini, «Mutoto wangu, acha, utaniua mukono.»

Lakini nimeona jinsi anavyofanya. Haangalii kinu, anaangalia bega la mwenzake. Kabla ya kushusha anavuta pumzi, na pumzi hiyo inasikika. Ile nafasi ya kuruka mraba wangu inatengenezwa na watu wawili, na mimi siwezi kuikopi.

Mama aliokota majani. «Na Mama Hulda, hata mukitufunga macho hatugongane,» akasema. Halafu akakumbuka hasira yake, akaingia ndani.

Jumatano, 6 mwezi wa nane

Asubuhi nimekwenda kwa Mama Hulda. «Wabukire, Mama.» Ameitikia salamu vizuri, amenipa kiti, hata chai. Nimemwonyesha mraba. Nimemwomba aje atwange na Mama, kidogo tu, nirekodi. Akaweka kikombe chini.

«Mama yako njo alikutuma?»

«Hapana, Mama. Ni miye peke yangu.»

«Basi akuje aniite ye mwenyewe. Siwezi kuvuka ua niingie mu lupango ya mutu mwenye alinitukana mbele ya shirika.»

Na hapo nikapata yote. Kwenye mkutano wa shirika, jumuiya yetu ya kanisa, jioni ya Pentekoste, Mama Hulda alisema mbele ya wamama wote kwamba mtoto wa jirani anashinda na kompyuta, hajui hata kushika mchi, ataolewa na nani? Mama akasimama. Akajibu kwamba angalau mtoto wake yeye hakuondoka nyumbani bila kuaga. Hulda, binti wa jirani! Aliyekwenda Eringeti na mwanaume, na mama yake akapata habari sokoni.

Kwa hiyo ni mimi. Walikosana kwa sababu yangu, na Mama hakuniambia neno, miezi yote hii anatwanga peke yake. Iliniuma sana. Lakini ningefanya nini, nilie pale? Nikasema, «Ila ulisema kweli, Mama Hulda. Muchi siijui. Jana nilikuwa karibu kuvunja mukono ya Mama.»

Alitaka kucheka. Akajizuia.

Ijumaa, 8 mwezi wa nane

Jana nilimwambia Mama. «Miye? Niende kwake? Ye njo alianza!» Nikasema ni kweli, lakini ulimgusa mtoto wake, Mama. «Na yeye aligusa wangu!» Leo amepeleka majani kusagwa kwa mashini sokoni. Sombe ina ladha ya chuma. Hakuna aliyemaliza sahani.

Jonathan amepoteza uvumilivu. «Tia ngoma, tamtam ya internet, ndeko. Juri yenye itachagua iko Kinshasa, batajua nini ya kinu?» Nikamwambia mimi najua, inatosha. Tumegombana kidogo, kwa heshima. Tumekubaliana hivi: Jumapili, saa kumi na moja ya jioni, kama sauti yangu haijafika, anatuma mchezo na tamtam. Mlango wa mashindano unafungwa saa kumi na mbili na mtandao wa Beni ni wa kubembeleza. Ana haki. Inaniudhi kwamba ana haki.

Na tamtam ile nimeisikiliza. Kwa tamtam hiyo hatuendi Kinshasa, tunaenda nyumbani.

Jumamosi, 9 mwezi wa nane

Ha!

Nimechukua bafle, spika kubwa ya kaka, nimeiweka juu ya jiwe karibu na ua, nimeielekeza kwa jirani. Nimecheza ile rekodi yangu ya uongo, Mama mara mbili. Kwa nguvu zote. Mbwa wamebweka.

Haikuchukua muda. Nyuma ya ua, Mama Hulda: «Kaswera! Nani anatwanga ile takataka? Iyo michi itapigana!»

«Ni Mama! Peke yake, mara mbili!»

Halafu Mama kutoka jikoni, kwa sauti kubwa, kama anaongea na sufuria: «Zima iyo kitu! Batu batazani njo miye natwanga vile!»

Upande wa pili mtu alicheka. Naweza kuapa.

Nimezima. Jioni Mama amerudi kutoka sokoni na sombe ya kutosha arusi, mafungu makubwa, na sisi nyumbani tuko wanne. Sikuuliza kitu. Mimi najua kunyamaza inapofaa, ingawa hakuna anayeamini.

Jumapili, 10 mwezi wa nane

Misani Mama na Mama Hulda walikaa mbali, kila mmoja na kitabu chake cha nyimbo usoni. Tumerudi, tumekula, hakuna kitu. Saa tisa, hakuna kitu! Jonathan ameandika: «Kaswera, ni leo.» Kana kwamba nimesahau.

Saa kumi ilipopita, Mama ameosha majani, ameyatia kinuni, amesimama na mchi wake. Hakutwanga. Amesimama tu, akiutazama ua. Halafu, bila kupaza sauti:

«Mama Hulda. Majani iko mingi.»

Kisha nikasikia mlango wa jirani, na Mama Hulda akaja kwa njia ya nyuma, mchi wake begani. Hakuna salamu. Aliinama, akachungulia kinuni.

«Chumvi ulitia?»

«Bado.»

Na mchi ukashuka.

Naandika hapa kwenye ngazi. Simu iko juu ya tofali, nilipoiweka kabla hawajaanza, katikati ya miguu yao, inarekodi. Nimeifungia mtandao ili Jonathan asipige akakata rekodi. Na sauti — Mungu wangu, sauti! Mmoja akichoka, mwingine anapunguza. Mmoja akisukuma majani, mwingine anangoja hewani. Hawatazamani usoni hata kidogo. Mraba wangu utaruka humo kama uko kwao. Watoto wa Kinshasa watasahau kurudi nyumbani kwa mchezo huu, sina wasiwasi.

Nilihitaji dakika moja ya sauti. Ninayo tangu zamani.

Sasa inakaribia saa kumi na moja. Jonathan lazima ananipigia na hanipati, kidole kiko juu ya tamtam. Kuchukua simu lazima nipite katikati yao. Nikipita, watasimama.

Sombe imeshalainika, imekuwa uji, haihitaji pigo hata moja. Wote wawili wanaiona. Hakuna anayeacha.

Mama Hulda amesema kitu sasa hivi, kwa sauti ya chini, bila kukosa pigo. Nimesikia «Eringeti». Mama amejibu kitu kirefu. Mchi, mchi. Mama Hulda amefuta macho kwa bega.

Nimeinuka. Nimekaa tena.

Jonathan, ningoje kidogo.