Safu ya Mbele kwa Wasingala

Tanga, Jumapili, jioni. Mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri, sasa imekatika. Ngamiani yote tope.

Leo niandike wazi, hata wajukuu waje wasome: kutoka hapa mpaka Horohoro hajazaliwa mtu anayejua kutulia kama mimi. Kule Burma, wakati wa vita, nilitulia handakini mchana kutwa na usiku kucha, hata kunguru akatua juu ya kofia yangu akidhani kisiki. Meja alikuja mwenyewe kunipa mkono. Na watawa wa kule, wale wenye vipara na mashuka ya manjano, wakawa wanakuja kunitazama ili wajifunze.

Haya nimeyasimulia barazani miaka yote, mguu kwenye cherahani. Watu wananiita Mjomba Burma.

Sasa juzi Bwana Piyadasa, sonara Msingala wa Chumbageni, alileta kitambaa cha shati akanikuta katikati ya kisa cha kunguru. Hakucheka. Akasema wao, Wasingala wachache wa mji huu, dini yao ni ya Buda, kama ya wale watawa, na kila Jumapili asubuhi hukutana nyumbani kwake wakakaa kimya kutazama pumzi. "Njoo ukae nasi, Mjomba. Wewe mzoefu."

Sefu, fundi baiskeli, jirani yangu asiye na adabu, akadakia: "Nenda basi! Au kunguru kafa?"

Ningekataaje?

Ila haja yangu nyingine ilikuwepo, na hiyo Sefu haijui. Mke wangu, Mwanaidi, yuko kwa dada yake tangu kabla ya mvua. Watu nimewaambia anauguza. Dada mtu hana hata mafua. Mwanaidi kaondoka kwa sababu mimi nikisinzia tu narudi vitani: napiga kelele, napiga mateke, na mara ya mwisho nilimkaba koo nikidhani Mjapani. Alifunga nguo zake asubuhi ile akasema, "Baba Zaina, sina ugomvi nawe. Nitarudi siku utakayolala kama watu."

Tangu hapo usingizi nauogopa. Nikiuona unakuja, nasimama.

Basi leo nikavaa kanzu safi. Mlangoni nikamwambia Bwana Piyadasa mapema kwamba mimi Mwislamu, sikuja kubadili dini. Akajibu, "Hapa hatuulizi dini, Mjomba. Tunauliza viatu tu. Vua."

Ndani kumetandikwa mikeka, udi unafuka. Wenyewe wamejibanza nyuma, ukutani, mbele kutupu kabisa. Nikashangaa watu gani hawa. Msikitini thawabu ziko safu ya kwanza, watu wanaiwahi! Nikawapita magoti yao, nikakaa mbele peke yangu, katikati, mbele yangu hakuna mgongo wa mtu, macho yao yote mgongoni kwangu. Nikasikia mtu akicheka kwa pua.

Bwana Piyadasa akaeleza taratibu. Tazama tumbo. Likipanda, ujue linapanda. Likishuka, ujue linashuka. Mguu ukiuma, ujue unauma. Wazo likija, lijue ni wazo, usilifukuze, kisha rudi tumboni.

Nikaona kazi ya watoto.

Kumbe. Handaki likaja mara moja. Nikalitazama kama nilivyoambiwa, matope yake, harufu yake. Halikuwa na kunguru. Nikajiambia hili ni wazo, nikarudi tumboni. Likaja tena. Nikarudi tena. Halafu gari moshi likapiga filimbi stesheni. Filimbi ile kila siku hunirusha, vidole vyangu vimejaa matundu ya sindano kwa ajili yake. Leo ikalia, nikajua ni sauti. Ikaisha.

Mchana nikawapa barazani habari kamili: nilikaa kama mnara wa msikiti, Wasingala wote wakabaki vinywa wazi. Sefu akarudi kwenye pancha zake. Mkewe akazibeba sifa zangu mpaka kwa Mwanaidi, akarudi na jibu:

"Mwambie kukesha najua anakuweza. Mimi namtaka anayelala."

Jibu hilo nalirudia peke yangu tangu alasiri. Basi hapa niandike nisilomwambia mtu.

Baada ya ile filimbi sikumbuki kitu. Kengele ya kumaliza sikuisikia. Nilichosikia ni mke wa Bwana Piyadasa ananigusa bega, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, na wenzangu wote wameshakunywa zao. Kichwa changu kifuani, udenda umenichuruzika juu ya kanzu. Bibi mmoja wa nyuma akasema, mbele ya wote, nimekoroma kama mashine ya kukoboa mpunga.

Nikamwuliza polepole, "Shikamoo, bibi. Nilipiga kelele?"

"Marahaba. Kelele gani tena? Kukoroma tu."

Kesho, inyeshe isinyeshe, nakwenda kwa shemeji. Nitamwambia Mwanaidi mbele ya dada yake kwamba nilikaa safu ya mbele, nikalala, nikakoroma. Kanzu sijaifua. Alama ya udenda ipo kifuani, nami nitakwenda nayo hivyo hivyo, aione mwenyewe.